Mbuzi wa Mtaani Ananishinda kwa Vitamini C

Kuna mbuzi mmoja hapa Bulapesa, mweupe na ana doa jeusi mgongoni, ambaye naamini anaishi poa kuniliko. Asubuhi anakula katoni. Saa sita anakula gunia. Jioni anamaliza karatasi ya chipo iliyotupwa na mtu, na ukianika nguo chini sana, kesho shati halina mkono. Lakini mwangalie: ngozi inang'aa, meno yako sawa, na jeraha alilopata akipigana na mwenzake limefunga kabla wiki haijaisha.

Siri yake si uchawi. Mbuzi anajitengenezea vitamini C. Ini lake linachukua sukari iliyo mwilini na kuigeuza kuwa vitamini C, mchana na usiku, bila kuambiwa na mtu. Ng'ombe vilevile. Ngamia, punda, paka, mbwa, wote wanajipikia. Sisi binadamu, pamoja na nyani na tumbili, hatuwezi. Ile jeni ya kazi hiyo tuko nayo bado, lakini iliharibika mamilioni ya miaka iliyopita, ikabaki kama laini ya simu iliyozimwa: iko, ila haipigi.

Maana yake ni kwamba kila chembe ya vitamini C uliyo nayo ilipitia mdomoni mwako. Na mwili hauweki akiba kubwa. Ukikaa mwezi mmoja hadi mitatu bila kupata karibu chochote, unaanza kubomoka. Nimesema kubomoka makusudi. Mwili unaitumia vitamini hii kutengeneza kolajeni, protini inayoshikilia ngozi, fizi, mishipa ya damu na mifupa. Fikiria simiti kwa ukuta. Ikikosekana, fizi zinavimba na kuvuja damu, miguu inauma, madoa mekundu yanatokea kwa ngozi, na hata kidonda kilichopona kitambo kinaweza kufunguka tena.

Sasa niwaambie kwa nini mtu wa video za kuchekesha anaandika mambo ya ini la mbuzi.

Mwaka jana tulikuwa maboy watatu kwa keja moja. Tumetoka fom foo, hakuna mzazi wa kutuuliza chochote, na tuliona tumefika. Menyu yetu ilikuwa hivi. Asubuhi, chai na mandazi mawili. Mchana, chapo madondo kwa kibanda. Usiku, mkate na chai, ama ugali na maziwa ya paketi, ama smokie mbili kama doh imeingia. Wikendi nyama, kwa sababu hii ni Isiolo na bila nyama mtu anaulizwa kama ni mgonjwa. Kachumbari ikiletwa tulikuwa tunaisukuma kando ya sinia. Mmoja wetu alikuwa na msemo wake: "Mimi si mbuzi, bro."

Tunda? Tunda lilikuwa la kupelekea mtu hospitalini. Ama la Ramadhan, jirani akituita kufuturu, tunakuta tikiti na machungwa yamepangwa vizuri kwa sahani. Ramadhan ikiisha, matunda nayo yanaisha mpaka mwaka ujao.

Halafu fizi zangu zikaanza kutoa damu. Nikipiga mswaki, sinki inakuwa ya waridi. Nikafanya kile ambacho wengi wenu mngefanya: nikaenda kwa kemisti nikanunua vile vidonge vinavyochemka kwa maji kama soda, miligramu 1000, ladha ya chungwa. Nikajiona daktari. Nikapiga video kabisa, nimeshika glasi inatoa povu, nikiwaambia hii ndiyo siri ya ngozi na kinga ya mwili, mafua hayatawagusa. Ile video iliangaliwa kuliko zote nimewahi kutoa. Watu waliniandikia wamenunua. Mmoja alisema ameacha kununua lanchi siku mbili ili apate pesa za vidonge.

Video nimeifuta. Lakini huyo wa lanchi siwezi kumfuta kichwani.

Damu haikuisha. Nikaenda kwa daktari wa meno. Akaangalia, akatoa kioo chake, akaniambia wazi kwamba meno yangu ni machafu, kuna ukoko, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya fizi kuvuja kwa watu wengi. Nilitaka kucheka. Pesa yote ya vidonge, kumbe shida ni mswaki. Halafu akaniuliza, "Wiki hii umekula mboga gani?"

Nikanyamaza. Nilifikiria kweli, si mchezo. Jibu pekee nililopata lilikuwa dania. Zile za juu ya madondo.

Hakucheka. Akasema, "Hapa sioni kiseyeye. Lakini ukiendelea hivyo, ndiko unakoelekea."

Kiseyeye! Hilo neno mara ya mwisho nilikutana nalo kwa mtihani wa sayansi, pamoja na kwashiokoo na matege, na nilidhani ni ugonjwa wa mabaharia wa zamani. Nilipofika nyumbani nikaanza kusoma, nikakutana na Kakuma.

Kakuma si mbali na mawazo yetu. Ni Turkana, kaskazini kama sisi, jua kama letu. Kati ya 2017 na 2018, wahudumu wa afya kwa kambi ya wakimbizi waliona vijana wanakuja wakilalamika miguu inauma, hasa nyama ya nyuma ya mguu, na fizi zimevimba. Baada ya uchunguzi ikajulikana ni kiseyeye. Ripoti iliyotolewa 2019 na CDC, kile kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, ilihesabu wagonjwa 45. Wote walikuwa vijana wa kiume kutoka Sudan Kusini, umri wa miaka 12 hadi 32. Walipopewa vitamini C, walianza kupata nafuu kwa muda usiofika wiki moja.

Soma tena hapo: wote wa kiume. Kambi nzima ina akina mama, wasichana, watoto, wazee. Mgao wa chakula ni uleule, nafaka na maharagwe. Kwa nini maboy? Kwa sababu wengi wao walikuwa wanaishi vijana kwa vijana bila mzazi, ujuzi wa kupika ulikuwa mdogo, na kile kidogo walichokuwa nacho hakikufika kwa mboga.

Niliposoma hivyo nilitazama keja yetu. Jiko lina vumbi, sufuria moja ya chai, watatu tumelala tunaskrol. Najua hali zetu hazilingani. Wale walikimbia vita, wakaishi kwa mgao, mimi niko town na simu mkononi. Sitaki kujifanya naelewa maisha yao. Lakini ile sehemu ya maboy wanaoishi pamoja bila mtu anayejua kupika kabeji, hiyo naijua vizuri sana. Na tofauti ni kwamba wao hawakuwa na chaguo kubwa. Sisi tulichagua.

Ndio maana nasema hivi, na mkasirike: shida yetu ya vitamini C si ya kemisti. Ni ya jiko. Tumelelewa tukiamini kupika ni kazi ya dada, mboga ni chakula cha kukosa nyama, na tunda ni la watoto na wagonjwa. Halafu tunatoa pesa kununua kwa kidonge kile tulichokataa kwa sahani.

Watu wa zamani nao walifanya kosa la kufanana na hili, na lilifanyika hapa kwetu Pwani. Aprili 1498 meli za Vasco da Gama zilifika Mombasa. Mabaharia wake walikuwa wameugua kiseyeye njiani, fizi zimevimba mpaka hawawezi kula. Mfalme wa Mombasa akawapelekea kondoo, na machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Wagonjwa wakapona. Sasa yule aliyekuwa anaandika shajara ya safari alisema wamepona kwa nini? Hewa. Ati hewa ya Mombasa ni nzuri sana. Wamekula machungwa ya watu, wameshukuru upepo.

Wakaenda zao India, na wakati wa kurudi wakakaa baharini karibu miezi mitatu. Kiseyeye kikawamaliza watu kama 30. Walipofika Malindi Januari 1499, wagonjwa wenyewe walikuwa wanalilia machungwa. Mabaharia wa kawaida walishaelewa mapema kuliko waandishi wao. Ilichukua mpaka 1747 ndio daktari wa meli wa Uingereza, James Lind, akachukua mabaharia 12 wagonjwa, akawagawa wawili wawili, kila kikundi na dawa yake, na waliopewa machungwa na limau wakapona haraka kuliko wote.

Mimi na glasi yangu ya povu tulikuwa tunashukuru hewa.

Tuongee ukweli kuhusu hivyo vidonge basi, kwa sababu niliwauzia uongo. Vitamini C ndani ya kidonge ni ileile ya kwa chungwa, na kuna watu wanaihitaji kwa njia hiyo. Wale 45 wa Kakuma waliihitaji. Lakini mwanaume mzima anahitaji kama miligramu 90 kwa siku na mwanamke 75, kwa viwango vya Marekani. Shirika la Afya Duniani linaridhika na 45 kwa mtu mzima. Kama unavuta sigara, ongeza 35. Sasa wewe unameza 1000. Mwili unachukua unachotaka, kingine kinatoka kwa mkojo. Ukipita 2000 kwa siku unaweza kuendesha tumbo, na kwa wengine inaongeza hatari ya mawe kwa figo. Yaani unalipa pesa nzuri ili choo cha ploti yenu kipate vitamini.

Na mafua? Utafiti umefanywa miaka mingi, hasa tangu Linus Pauling, mwanasayansi mwenye Nobeli mbili, atoe kitabu chake cha vitamini C na mafua mwaka 1970. Majaribio yakikusanywa pamoja yanaonyesha kwamba watu wa kawaida wanaomeza kila siku wanapata mafua kama wengine tu. Yakiwapata, yanaisha mapema kidogo, kama asilimia 8 kwa watu wazima. Mafua ya siku saba, umeokoa karibu nusu siku. Ukianza kumeza baada ya pua kuanza kutiririka, hakuna faida ya kutegemea. Waliofaidika kweli ni watu wanaoumiza mwili kupita kiasi, kama wakimbiaji wa marathon na wanajeshi wanaofanya mazoezi kwenye baridi kali. Kutembea kutoka Kambi ya Juu mpaka stendi na jua la saa nane si marathon, hata kama inafanana.

Mnakumbuka Machi 2020? Korona imetangazwa nchini, siku chache baadaye limau zimepanda bei na tangawizi haishikiki. Kila nyumba ilichemsha dawa, ile ya limau, tangawizi na asali. Sina ubaya na hiyo dawa, inatuliza koo, na nyanya yangu bado anainywa. Ila nashangaa kitu kimoja: hofu ilipoisha, limau nayo ikaisha kwa meza. Kama ni tunda zuri, kwani lazima kuwe na janga?

Wasichana, hii sehemu ni yenu zaidi, ingawa maboy wasikilize pia. Madondo, ndengu na mboga za kijani zina madini ya chuma ya kutengeneza damu. Shida ni kwamba chuma cha mimea mwili unakipokea kwa ugumu. Vitamini C ikiwa kwa sahani ileile, kinapokewa vizuri zaidi. Chai inafanya kinyume, inakishika kabla hujakipata. Na sisi tunakulaje? Chapo, madondo, na kikombe cha chai ya rangi kando. Msichana anapoteza damu kila mwezi, halafu chakula kilichofaa kumrudishia kinazuiwa na kikombe. Si lazima uache chai, Isiolo hatutakuelewa. Sogeza tu. Kula kwanza, kamulia limau kwa madondo, chai ije saa moja baadaye.

Kuna aliyeniandikia nilipoonyesha sehemu ya haya mambo kwa video: "Rahisi kwako, uko town. Huku Merti sukuma ikifika imelala." Ako sawa, na sitamjibu kwa jeuri. Mboga zetu nyingi zinashuka kutoka upande wa Meru, na kadiri gari linavyoenda ndani, ndivyo majani yanavyonyauka na bei inavyopanda. Na jua na muda vyote vinaila vitamini C. Zamani wafugaji walikuwa na jibu lao. Maziwa ya ngamia yana vitamini C kama mara tatu ya maziwa ya ng'ombe, karibu miligramu 30 kwa lita, na mtu aliyekuwa anakunywa lita kadhaa kwa siku hakuhitaji mama mboga. (Hapana, hii si ruhusa ya kunywa maziwa mabichi. Brusela iko, na inaumiza viungo miezi. Chemsha, ukubali kupoteza kiasi.) Lakini mvua ilipokosa misimu mitano mfululizo, kutoka mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022, mifugo ilikufa na maziwa yakaenda nayo. Familia kama hiyo huwezi kuiambia ati ikule kachumbari. Hapo ni kazi ya serikali na mashirika, mgao uwe na kitu zaidi ya unga, maharagwe na mafuta.

Mimi naongea na msee wa town mwenye bob 30 ya smokie. Huyo hana kisingizio.

Kwa sababu pera, hili pera la kawaida linalooza chini ya miti kule juu Meru, kwa uzito uleule lina vitamini C kama mara nne ya chungwa. Moja tu linamaliza hesabu ya siku. Papai liko juu ya chungwa kidogo. Pilipili hoho mbichi inashinda chungwa, na watu hawaamini. Kabeji, nyanya, hata viazi vina chake. Na kabla mtu hajaniambia miraa pia ni majani: kaa chini.

Sukuma ndiyo tunaiharibu wenyewe. Tunanunua iliyokatwa tangu asubuhi, imekaa kwa jua ndani ya karatasi, tunaiosha baada ya kukatwa, halafu tunaichemsha mpaka rangi inakuwa ya yunifomu ya jeshi. Vitamini C inayeyuka kwa maji na inakufa kwa moto, kwa hiyo tunayokula mwishowe ni kumbukumbu ya sukuma. Mama mboga ukimwambia akukatie ukiwa hapo, anakata, na stori anakupa. Osha majani yakiwa mazima. Kwa moto, dakika chache, ikiwa bado ya kijani, toa. Niliharibu kama mara nne kabla sijashika hiyo hesabu ya dakika, na mara ya kwanza tulikula kitu kilichofanana na nyasi za uwanja.

Siku hizi kwa keja tuko na zamu. Mambo si kamili. Yule wa "mimi si mbuzi" bado anatoroka zamu yake kila Alhamisi, ati ana mechi. Lakini juzi nilimkuta peke yake anakata kachumbari: nyanya, kitunguu, hoho, limau nzima amekamulia, machozi yanamtoka kwa sababu ya kitunguu na anakataa kukubali. Nikataka kumpiga video. Akaniambia nikiiposti nihame.

Maganda ya limau alitupa nje kwa mlango. Yule mbuzi mweupe akaja, akanusa, akayala yote, na hayahitaji hata kidogo.